Nusu Ghorofa Kigamboni

Mwenzetu mmoja hapa Joubert Park, Johannesburg, anajenga. Kila usiku hupanda dabodeka, hushusha pazia, hufungua kompyuta, na mara yuko Kigamboni. Anatumia Sweet Home 3D, maana ni ya bure. Nyumba yenyewe si ya watu wa kawaida: sebule chini, vyumba vimepanda nusu ghorofa, gereji imezama kidogo. Programu inataka kila sakafu itajiwe kimo chake, naye wiki ya pili amekwama kwenye ngazi. Akiandika sentimita 120, jiko linaelea. Akipunguza, bafu linazama.

"Kaka, kiwanja kina mteremko?"

"Kiwanja bado, mdogo wangu."

Pale kwenye bustani ya Joubert Park, msanifu wa majengo Lutyens naye alichora jumba la sanaa, likafunguliwa 1915, likaitazama reli na kuipa bustani mgongo. Angalau yeye alipewa ardhi.

Sakafu za kupishana tunazo chumbani: msanifu wetu juu, Mkongo chini yake, mimi godoroni. Kodi tunachanga watatu. Jana msanifu kaniomba nisisimame karibu na taa, eti kivuli changu kinamharibia veranda.