Uvalishe Mwili wa Leo: Mwongozo wa Kununua Nguo, Kitale hadi Chwele

Nguo nyingi zinazolala kabatini bila kuvaliwa, kuanzia Kitale mjini, ukapita Saboti na Kapsokwony hadi ukashukia Chwele, zilinunuliwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo sokoni siku hiyo. Pesa zilikuwepo. Mwenye kibanda alikuwepo, akiapa kwamba rinda lile lilivuka bahari likimtafuta kastoma wake. Aliyekosekana ni yule aliyekusudiwa kulivaa: msichana wa kidato cha nne mwenye kiuno cha nyigu, au mama atakayepungua ifikapo Desemba, au yule mnene wa kutisha anayeishi katika maneno ya majirani.

Mwongozo huu ni wa kumsaidia mnunuzi aende sokoni na mwili mmoja tu, ule unaopumua. Vifaa ni tepu ya fundi, leso moja na rafiki msema kweli. Hatua ni saba, na zifuatwe kwa mpangilio. Anayeruka ya pili hurudi nyumbani na sketi isiyofunga zipu.

Hatua ya kwanza: Uliza nguo inanunuliwa kwa ajili ya nani

Kila mtu mzima hutembea na miili kadhaa, na yote inataka nguo. Upo mwili wa jana. Huu ndio unaoitunza longi ya harusi chini ya sanduku, imekunjwa vizuri na kutiwa dawa ya nondo, ikisubiri mwenyewe arudi. Upo mwili wa kesho. Huu tumefundishwa na wazazi wetu, maana mtoto anayeingia sekondari hununuliwa bleza inayofika magotini kwa hoja kwamba atakua. Mtoto kweli hukua, na hoja ya mzazi ni ya haki. Mtu wa miaka arobaini anayejinunulia nguo ya saizi asiyokuwa nayo hana hoja hiyo. Kila asubuhi akilifungua kabati, nguo ile humkumbusha deni.

Halafu upo mwili wa majirani, na huu ndio ghali kuliko yote. Kwetu salamu huanzia tumboni. Ukikutana na shangazi stendi ya matatu, kabla hajakuuliza habari za watoto amekwisha kukupima: "Ala, umenona!" Ukipungua nako hupati amani: "Mbona umekonda hivi, unaugua?"

Swali hilo la pili lina historia nzito. Mwaka 1985 madaktari nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Lwakhakha na Suam, waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa ambao wananchi waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mgonjwa. Ulikuwa ni ukimwi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, wembamba ulisomwa kama tangazo la msiba, na mtu aliyezaliwa mwembamba alikuwa na sababu ya kuvaa sweta juu ya sweta hata katika jua la Januari, ili macho ya watu yamwache. Kwa hiyo usimcheke anayejificha ndani ya jaketi kubwa. Jaketi hilo lilinunuliwa kwa hofu, na hofu ile haikuanzia kwake.

Basi, kabla ya kutoka nyumbani, iambie miili hii mitatu ibaki. Nauli ya matatu ni ya mtu mmoja.

Hatua ya pili: Pimwa ukiwa unapumua

Mtazame fundi hodari akimpima mtu. Tepu inapofika kiunoni, mteja huvuta tumbo ndani, mabega yakapanda, pumzi ikasimama. Fundi hagombi. Anaishikilia tepu palepale, analegeza kidogo, kisha anauliza gunia la mahindi la kilo 90 linauzwaje wiki hii. Kitale nzima ni mji wa mahindi, na hakuna anayeweza kulijibu swali hilo bila kushusha pumzi. Tumbo linarudi mahali pake, fundi anaandika inchi zake, na rinda likikamilika mwenyewe anaweza kuketi ndani yake na kula.

Jipime vivyo hivyo. Kifua, pitisha tepu mahali penye upana zaidi, na mikono iwe chini. Kiuno, pale mwili unapojikunja ukiinama upande. Nyonga, pale zilipopanuka zaidi, miguu ikiwa pamoja. Mabega, kutoka mfupa hadi mfupa. Ongeza inchi mbili hivi kifuani na nyongani kwa vitambaa visivyovutika, kwa sababu mtu hunyanyua mkono, hubeba mtoto na hupanda bodaboda.

Wanaume, hatua hii ni yenu pia. Yuko mzee anayesema tangu aoe anavaa 34, na anasema kweli, kwa kuwa kila mwaka mkanda umekuwa ukiteremka chini ya kitambi kuitafuta 34 hiyo. Pima juu ya kitovu, mzee wangu. Longi inayokaa mahali pake humpa mtu heshima kuliko nambari anayoitaja peke yake.

Hatua ya tatu: Usiisome lebo, au uisome kama hadithi

Nambari iliyoshonwa kwenye ukosi ndiyo inayowarudisha wanawake wengi nyumbani na huzuni. "Eti mimi ni 16!" Tulia. 16 ya Uingereza hukaribia kuwa 12 ya Marekani na 44 ya bara Ulaya. Zote tatu huweza kutoka katika belo moja la kilo 45 na kumkaa mtu yuleyule. Kama nambari inabadilika kwa kuvuka bahari huku kiuno kikibaki kilekile, basi nambari haikuwa ikikizungumzia kiuno chako.

Asili yenyewe inafaa kujulikana. Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima karibu wanawake 15,000 ili watengenezaji wa nguo wapate vipimo vya pamoja. Kazi hiyo iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton, na ripoti ikatoka mwaka 1941. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliachwa nje ya hesabu. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa kiwango rasmi cha saizi cha mwaka 1958, na kiwango chenyewe kikafutwa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni hujipangia nambari yake, na nyingi zimekuwa zikiziteremsha ili mnunuzi ajisikie mwembamba.

Sasa tafakari. Bibi wa Kimilili mwenye nyonga pana na mgongo ulionyooka kwa kubeba maji kichwani hakuwa katika orodha ile, wala binti wa Cheptais mwenye miguu mirefu na kifua chembamba. Nguo isipowakaa, mwenye makosa ni aliyechora kipimo bila kuwaona. Ukishaijaribu nguo ikakukaa, ikate lebo. Mkasi hauumizi mtu.

Hatua ya nne: Sokoni, tumia shingo

Vibanda vingi vya mitumba havina chumba cha kujaribia, na kioo chake, kama kipo, huonyesha kuanzia kidevu hadi kifungo cha pili. Watu wetu wamepata njia. Chukua longi, funga kifungo, shika ukanda wake pande mbili, uzungushe shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kukukaba wala kulegea, itakutosha kiunoni. Siri yake ni kwamba kwa watu wengi mzingo wa shingo hukaribia nusu ya mzingo wa kiuno. Ila shingo hainenepi sawa na tumbo, kwa hiyo mwenye kitambi, mjamzito au aliyejifungua juzi asiitegemee. Ailaze nguo juu ya meza, apime kwa tepu upande hadi upande, kisha azidishe mara mbili.

Rinda lijaribiwe juu ya nguo ulizovaa, na pale inapobidi, rafiki yako akushikie leso iwe pazia. Ukishalivaa, fanya mambo matatu: keti, inua mikono, inama kama anayeokota sarafu. Nguo inayokataa moja kati ya hayo itakusumbua siku nzima, hata ikupendeze namna gani ukiwa umesimama wima.

Kuhusu mwenye kibanda: anapokuita mrembo na kusema "hii ni kamera, siste, haipatikani tena", anatafuta riziki yake kwa halali, na pengine kweli ni ya chaguo la kwanza kabla ya belo kugeuka fagia, yaani mabaki. Sikiliza bei kwake. Mambo ya mwili wako yasikilize kwenye tepu.

Hatua ya tano: Yahukumu macho yako

Watu wengi wamekulia katika sheria kwamba michirizi ya kulala hunenepesha. Mjerumani Hermann von Helmholtz alionyesha tangu mwaka 1867 kwamba mraba uliochorwa mistari ya kulala huonekana mrefu zaidi na mwembamba zaidi. Mwaka 2011 Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou wa Chuo Kikuu cha York walichapisha majaribio yao wakitumia picha za wanawake waliovaa nguo za michirizi, na wakakuta vivyo hivyo: michirizi ya kulala haimnenepeshi mtu. Kwa hiyo ile blauzi uliyoiacha mwaka jana kwa neno la shangazi, kama ingalipo kibandani, kamata.

Nyeusi ina ukweli wake kidogo, kwani kitu cheusi huonekana kidogo kuliko cheupe cha ukubwa uleule. Lakini kuvaa nyeusi kila siku ya Mungu ili usionekane ni kujipa adhabu bila kosa, na vumbi jekundu la barabara ya Saboti halitakusaidia kujificha.

Simu ndiyo mwongo mkubwa kuliko michirizi. Picha ya kujipiga kwa urefu wa mkono hukuza kilicho karibu na lenzi na kupunguza kilicho mbali, hivyo pua huvimba na mabega husinyaa. Ukitaka kujiona kama watu wanavyokuona, iegemeze simu juu ya kiti kwa kimo cha kiuno, rudi nyuma hatua kadhaa, umwombe mtoto abonyeze.

Hatua ya sita: Ipeleke nguo kwa fundi, usiupeleke mwili

Hapa ndipo maarifa yanapolipa. Nunua nguo inayokutosha mahali ulipo mpana zaidi, kisha punguza kwingine. Mwenye nyonga pana anunue sketi ya kutosha nyonga, fundi aibane kiunoni. Mwenye mabega mapana anunue koti la kutosha mabega, kwa sababu bega ndilo gumu zaidi kulirekebisha, na kazi yake ni ghali. Kabla ya kununua iliyobana, igeuze ndani nje utazame kitambaa cha akiba kwenye mshono. Pasipokuwa na akiba, fundi hana pa kuupatia upana.

Kitenge hutufundisha vizuri zaidi. Ndugu wakikubaliana sare ya harusi, vipande vya yadi sita hugawanywa kwa akina mama wote, mnene na mwembamba, mrefu na mfupi. Kitambaa ni kimoja. Lakini kila mmoja huenda kwa fundi wake na mshono wake, na siku ya harusi hutamwona hata mmoja aliyevaa mwili wa mwenzake. Mbona siku hiyo hatuulizani saizi? Kwa sababu nguo ilikatwa ikiufuata mtu. Tuufanye huo uwe utaratibu wa kila siku, hata kwa sweta ya mtumba ya bei ndogo.

Hatua ya saba: Badilisha salamu

Hatua hii haina tepu wala fundi, nayo hubeba nyingine zote. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika eneo la Nadroga huko Fiji, katika jamii iliyokuwa ikiusifia mwili ulionona. Mtafiti Anne Becker alipowauliza wasichana mwaka 1998, aliwakuta wanaotaka kupungua wafanane na watu wa kwenye kioo, na baadhi yao wakijitapisha. Ni miaka mitatu tu. Binti zetu wa Kitale na Bungoma wana kioo mfukoni, usiku na mchana, na wakiinua macho wanakutana na sisi tukiwapima kwa salamu.

Kwa hiyo ukikutana na mtu, msifu rangi aliyoichagua. Msifu mshono. Muulize fundi wake ni nani na yuko upande gani wa soko. Mtoto akikataa rinda kwa kusema ana miguu mibaya, usimwambie nyamaza: muulize nani amemwambia, kisha mpeleke kwa fundi akaone jinsi nguo inavyotii mkasi. Akiwa mtu mzima atakuwa na wasiwasi mwingine wa kutosha, wa mbolea, wa karo na wa bei ya mahindi. Huu wa mwili wake tunaweza kumwondolea sisi wenyewe, na haugharimu hata shilingi.