Barua ya Shukrani kwa Waandaaji wa Mtaala wa Ualimu

Kwa Waheshimiwa Waandaaji wa Mtaala wa Vyuo vya Ualimu,
Tanzania.

YAH: SHUKRANI KWA KUNIFUNDISHA KUFUNDISHA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, zao la chuo chenu kimojawapo. Nimeona nisife na shukrani zenu moyoni.

Kwanza, asanteni kwa mbinu shirikishi. Mkufunzi alisoma notisi, sisi tukaandika, kimya kama msibani. Ubaya wa mihadhara tulihadhiriwa saa mbili nzima. Aliyenyoosha kidole aliambiwa mada ni ndefu. Mtaala wa shule ulihamia kwenye umahiri tangu mwaka 2005. Nasi hatukubaki nyuma, maana ya umahiri tuliikariri neno kwa neno.

Pili, saikolojia. Mbwa wa majaribio wa Pavlov namfahamu, yeye na mate yake. Hatua nne za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto nazitaja hata usingizini. Wiki yangu ya kwanza kazini mtoto mmoja alikojoa kwenye dawati, wa pili akamcheka, wa tatu akaangua kilio akimtaka bibi yake. Nikapekua notisi: Piaget kimya, Pavlov kimya. Aliyeniokoa ni mama anayetupikia uji.

Tatu, na hapa natoa machozi, andalio la somo. Safu zake nilizipiga mstari nikazipenda: hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, upimaji. Chuoni nililifanyia mazoezi mbele ya wanachuo wenzangu walioigiza watoto. Watoto gani wale! Wengine wana ndevu, wote wanajua kusoma, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilipata alama za juu.

Sasa ninao watoto 120. Kipindi ni dakika 30. Nimepiga hesabu: kila mtoto ana sekunde 15. Ndani ya hizo anisomee ba, be, bi, bo, bu, nimsahihishe, nimpigie makofi, kisha nijaze safu ya upimaji. Utangulizi, tafakuri na hitimisho tutavifanya tukiwa njiani kwenda nyumbani.

Waheshimiwa, shukrani zangu zimeishia hapo. Lililobaki ni ombi. Futeni karatasi moja tu ya mtihani wa chuo. Badala yake, kila mwanachuo akabidhiwe mtoto mmoja asiyejua kusoma, akae naye muhula mzima. Siku mtoto huyo atakapoisoma mwenyewe sentensi ambayo hajapata kuiona, mwanachuo awe amefaulu. Asipoisoma, tusimpe cheti, hata kama anamjua mbwa wa Pavlov kwa jina.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Darasa la Kwanza