Namna ya Kutengeneza Kiti cha Trekta Bila Kukigusa

Hongera, mwenye trekta. Massey Ferguson 135 yako, iliyotoka kiwandani kati ya 1964 na 1975, bado inawaka. Tatizo ni dereva: anadai kiti kinamvunja mgongo. Hatua ya kwanza ni kumwambia aache uvivu. Hatua ya pili ni gunia. Likunje, juu yake weka kipande cha godoro, funga vyote kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Sasa una kiti cha enzi juu ya springi ileile iliyovunjika.

Dereva akizidi kulalamika, basi chunguza. Trekta hii haina springi kwenye ekseli ya nyuma. Kati ya matuta ya shamba na uti wa mgongo wa binadamu yapo matairi na kiti, basi. Kwa hiyo anza na upepo. Ukijaza matairi ya nyuma mpaka yalie kama ngoma, kiti kimeachiwa kazi yote.

Halafu kikalie. Wewe, si dereva. Kikishuka hadi mwisho na kugonga chuma, springi imekatika au imechoka. Kikandamize, ukiachie ghafla: kikipanda na kutulia, shokapu nzima, kikiendelea kunesanesa, imekufa, na ukiinama utaiona imelowa oili na kuganda vumbi. Kikilala upande mmoja, pini na bushi zimelika. Kama kuna kishikio cha kurekebisha kiti kulingana na uzito, kijaribu pia. Huenda kimeshika kutu kwenye uzito wa dereva wa kwanza, ambaye sasa ni babu wa watu.

Hapo ndipo atatokea mtu na mashine ya kuchomelea. Mkubalie, kama unapenda kumwona kila msimu. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea hauna kipimo hicho. Kitakatika tena, pembeni kidogo ya kiraka, katikati ya kulima, mtu akiwa juu.

Kiti cha plastiki kilichofungwa kwa waya kiache harusini. Dereva akirushwa, anaangukia karibu na tairi la nyuma, na tairi hilo halisimami kumwuliza hali. (Wapo wanaokifunga hivyo, na wanapiga nacho picha.)

Kwa hiyo fungua kiti kizima uende nacho dukani, maana vya zamani havifanani na maelezo ya simu hayatoshi. Nunua springi, shokapu na bushi kwa pamoja. Shokapu mpya juu ya bushi zilizolika haikai. Ukitajiwa bei, ruksa kuguna.

Bolti zikigoma kufunguka, zimwagie dizeli, ziache zilale. Asubuhi dereva atakusaidia kuzifungua, akiweza kuinama.