Sifa za Mla Pumba

Simba amesifiwa vya kutosha. Tembo ana watalii wake, na kiboko wa Ziwa Babati anaogopwa, jambo ambalo kwake ni heshima tosha. Mimi niko Sigino, nyuma ya nyumba, nimeshika ndoo ya pumba za mahindi, na ninayetaka kumsifu ni huyu anayenipigia kelele bandani tangu alfajiri. Huyu ni nyota wa sinema. Hajui, na hata angejua asingeacha kula.

Binamu yake wa porini yuko jirani, Tarangire. Ngiri hupiga magoti ya mbele apate kula majani, kisha akishtuka hutimka, mkia wima kama antena. Waongoza watalii siku hizi humwita Pumbaa. Disney walipotoa The Lion King mwaka 1994, mfalme alipewa jina la Simba, nyani akaitwa Rafiki, na mwenzetu akaangukiwa na kitenzi: kupumbaa. Mimi nashuku walichukua chakula chake wakakiongezea herufi moja. Yeye hakununa. Aliimba hakuna matata, na maneno hayo mawili, ambayo sisi tulikuwa tukiyasema bure, Disney wakayasajili Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo. Mshairi gani wetu amewahi kuuza Kiswahili kwa bei hiyo?

Tena hana maringo ya wasanii. Nyama yake pekee ina majina ya jukwaani kuliko mwanamuziki yeyote: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Wapo majirani ambao dini yao haiwaruhusu kumgusa, naye huwaheshimu kwa kubaki bandani kwake. Aibu ni ya sisi tunaomla halafu tukaogopa kumtaja.

Kazi asiyoikataa kamwe ni ya kubeba uchafu wa wengine. George Orwell alipotaka kuandika juu ya uroho wa madaraka, hakumpa kazi hiyo fisi. Kitabu chake kikawa filamu ya katuni mwaka 1954, na CIA wakaigharamia kisirisiri, hivyo nguruwe akatumikia ujasusi bila kulipwa hata pumba. Fortunatus Kawegere akakitafsiri kwa jina la Shamba la Wanyama, kikatoka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Wakati mzuri kuliko huo wa kuzungumzia usawa sijui kama ungepatikana.

Kisha Nairobi, Mei 2013. Wabunge walitaka kujiongezea mshahara. Wanaharakati, Boniface Mwangi akiwemo, wakamwaga nguruwe na damu mbele ya Bunge. Kamera zote zikageuka. Wanadamu walikuwa wamekuja na mabango na hotuba, lakini picha iliyozunguka dunia ni ya nguruwe, ambao hawakufanya mazoezi wala hawakuelezwa kisa. Waliona damu chini, wakala.

Watengenezaji wa Babe, filamu ya 1995 iliyowania Oscar 7, walihitaji vitoto 48 kwa nafasi moja tu, kwa sababu kila kimoja kilikuwa kikinenepa kabla picha haijaisha. Mfugaji wa hapa angewaambia mapema, bila malipo: huyu hamngoji mtu.

Mjukuu wangu anamjua kwa njia ya Peppa wa katuni, anayevaa gauni jekundu na kuruka madimbwi. Juzi alisimama bandani, akamtazama wetu kwa muda mrefu, akauliza: "Babu, la kwake limefuliwa?" Nikasema ndiyo, halijakauka. Jumapili atamla kwa ndizi za kukaanga, na sijajiandaa kwa swali litakalofuata.

Nimesikia kuna filamu ya mwaka 2020, Gunda, inayomfuata nguruwe jike wa Norway, picha nyeusi na nyeupe, bila muziki wala neno la msimulizi. Nikaona wa Norway hamzidi wangu. Nikaegemeza simu kwenye ubao wa banda, nikabonyeza kurekodi, nikamwaga pumba. Akainua kichwa, akaiangalia kamera kama mzoefu, akaisogelea taratibu. Dakika ya pili inaonyesha pua tu. Ya tatu ni giza, na sauti ya kutafuna.