Kaa Aliyekwenda Kuomba Kaa

Ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kwenye mikorosho inayoteremka hadi mikokoni ya Mtongwe, aliishi Buku mmoja, panya mkubwa wa shimoni, aliyejaaliwa vifuko viwili mashavuni kama jamaa zake wote. Vifuko hivyo Mola alimpa abebee chakula, lakini buku ni buku: kizibo cha soda kikimeremeta njiani, nacho huingia shavuni pamoja na korosho. Shimo lake alilirithi kwa wazee likiwa na vyumba vinne, cha kulala, cha akiba, cha haja na cha meko, na wazee walimwusia jambo moja tu, kwamba kila kitu kijue chumba chake.

Basi ikawa haupiti usiku akarudi na vifuko vitupu. Alileta funguo zisizo na kufuli, mifuniko isiyo na makopo, saa iliyokwisha kufa, na kiatu cha mguu mmoja kikingoja cha pili kipatikane. Hata kanzu ya harusi yake, ambayo haikumpita mabegani tangu mtoto wa pili, aliikunja vizuri chini ya vitu vingine saba akisema ataivaa akikonda. Mkewe alipouliza vyote hivi vitawekwa wapi, Buku alimjibu kwa utulivu wa mwanachuoni kwamba akiba haiozi. Chumba cha akiba kilipojaa, mizigo ikahamia cha kulala, wakawa wanalala wamejikunja kama majongoo. Kisha ikaingia mekoni, ikakaa kwanza pembeni kwa adabu, halafu ikapanda uchagani, mwisho ikakalia mafiga yenyewe. Siku mafiga yalipofunikwa hapakupigwa mbiu. Ulikosekana moshi tu.

Na moshi ukikosekana, yuko anayeona kutoka juu. Kunguru, ambaye mababu zake waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wausafishe mji, wakaona taka zina faida kuliko usafi, alikuwa na duka lake Kibarani, enzi zile jaa lilipokuwa bado likifuka kando ya njia ya Makupa. Nusu ya vile vizibo ni yeye aliyemuuzia Buku. Alipoona shimo la Mtongwe halitoi moshi, akaongeza biashara ya pili: kila alfajiri alitua mlangoni na karatasi iliyolowa mafuta, ndani yake viazi karai, bhajia, na kaimati zilizozama katika shira.

Nyumba isiyo na meko haina haja ya chano, na pasipo chano hapana wa kuketi. Jamaa ya Buku ikawa inakula imesimama, huyu akitafuta funguo, yule akihamisha mzigo, na mlaji wa namna hiyo hajui alianza lini wala atakoma lini. Mchicha uliotoka Kongowea uliwekwa nyuma ya marundo, ukasahauliwa. Kaimati zilikaa mlangoni, usawa wa macho, na kila apitaye alichukua mbili, moja ya kwendea na moja ya kurudia. Buku akanenepa hata shingo, ikamwandama kiu isiyokatwa na maji, na kale kamwinuko ka kufika mkoroshoni akawa anapumzika mara tatu. Hata hapo alisema akiba haiozi, ila sasa alisema akihema.

Kunguru hakumwacha rafiki katika dhiki. Alimletea biashara ya tatu, ambayo ni nasaha. Akakunja mbawa kama kadhi, akasema, "Bwana mkubwa, vitu vyako ni vizuri mno, vimekosa masanduku tu." Akamuuzia masanduku kumi na mawili yenye vifuniko, pamoja na kopo la majani ya kukondesha, ya kunywa kabla ya kaimati. Buku akashukuru, akayapanga masanduku mekoni kwa kuwa hapakubaki pengine, nalo kopo likapotea siku ile ile ndani ya sanduku asilolikumbuka mtu.

Usiku mmoja wa bamvua, maji yalipanda mikokoni kupita ada, yakamzimia Bibi Kaa moto wake. Asubuhi akaja ubavuubavu hadi mlangoni kwa Buku, kigae mkononi.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kuomba kaa."

"Kaa si ni wewe mwenyewe, bibi?"

"Kaa la moto, mwanangu, nipikie mchunga wangu."

"Basi kaa ungoje," akasema Buku, akaingia ndani.

Bibi Kaa akakaa. Jua likapanda, kivuli cha mkorosho kikahama, naye akisikia masanduku yakiburutwa chini ya ardhi. Adhuhuri Buku akachungulia, uso umejaa vumbi, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, meko ninayo. Sijui yaliko."

Bibi Kaa hakucheka. "Nyumba yangu mimi," alisema, "maji huifagia mara mbili kila siku, nami huichimba upya. Ningekuwa na vitu kama vyako, ningekufa nikivichimbua. Toa, mwanangu. Nitangoja."

Wakatoa. Siku ya kwanza vilitoka vizibo na nyaya, ya pili masanduku kumi na mawili. Siku ya tatu waliufikia mchicha, umekuwa maji meusi. Mke akautazama, akamtazama mumewe, akasema polepole, "Akiba haiozi," akaumwaga. Siku ya nne ulitoka mwiko, ikatoka mbuzi ya kukunia nazi, kikatoka chungu, na chini kabisa mafiga matatu, buibui ameyafunga pamoja kwa utando. Bibi Kaa aliyekuja kuomba moto ikambidi aende kwa jirani kuomba wa nyumba mbili.

Jioni hiyo mchunga ulipikwa kwa nazi, ukapakuliwa chanoni, wakaketi, na kila mmoja akaona chakula chake kina mwisho. Alfajiri Kunguru alikuja na karatasi yake, akakuta moshi, akaondoka nayo. Kaimati hakuna aliyeapa kuziacha. Ila zilipotoka mlangoni ilibidi mtu avuke maji kuzifuata, na mara nyingi hamu ilimwishia kivukoni. Mwezi wa tatu, ile kanzu ikapita mabegani. Tumboni ilibana kidogo. Buku akasema yatosha.

Majirani walipouliza siri, alijibu tu kwamba alitafuta meko yake. Jibu hilo lilikuwa fupi mno kuaminiwa, na Kunguru alikuwa nalo refu zaidi. Vitu vilivyotupwa alikuwa amevibeba kimoja kimoja hadi Kibarani, akavisugua kwa majivu vikang'aa, akavipanga juu ya yale masanduku kumi na mawili, na kuwaambia wapitao kwamba hivi ndivyo vilivyomkondesha Buku wa Mtongwe. Kufika jioni, Ngiri wa Changamwe na Kima wa Kisauni walikuwa wakigombea kiatu cha mguu mmoja, kila mmoja akiapa kwamba cha pili anacho nyumbani.