Sifa za Marehemu Explorer

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ugumu wa kumpa Internet Explorer methali hii ni kwamba hakuwa mnyonge hata siku moja. Wanyonge tulikuwa sisi. Kati ya 2002 na 2004, zaidi ya asilimia 90 ya walioperuzi mtandaoni waliperuzi naye, na wengi wao hawakujua kwamba kuna kivinjari kingine duniani. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeingia intaneti kafe na kulipia nusu saa aliambiwa abofye ile "e" ya buluu, basi. Ile "e" ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft ilimstaafisha, na tangu hapo kila anayejua kuwasha kompyuta anamsimanga. Mimi nitamsifu, tena nitamsifu mbele ya walio hai ili nao wasikie.

Nianze na uzao wake, maana hakuna kivinjari kilichozaliwa kwa ujanja mtamu kama ule. Mwaka 1995 Microsoft ilikuwa imechelewa kuamka, ikachukua leseni ya msimbo wa kampuni ndogo iitwayo Spyglass. Spyglass iliahidiwa ada, na juu yake sehemu ya mapato yatakayopatikana kwa kukiuza kivinjari. Microsoft ikakigawa bure. Sehemu ya sifuri, hata uikate kwa ukarimu namna gani, ni sifuri. Spyglass ikalalamika, na mwaka 1997 ikatulizwa kwa dola milioni 8. Kitoto kilicholelewa katika nyumba yenye hesabu za namna hiyo kina haki ya kusamehewa mengi.

Na katika ugomvi hakuwa mnafiki. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1997, baada ya sherehe ya kuzindua Explorer 4, watu wa Microsoft walibeba sanamu kubwa ya "e" wakaenda kuitua kwenye nyasi za ofisi ya mahasimu wao, Netscape, kule Mountain View, California. Asubuhi wafanyakazi wa Netscape waliiangusha, wakasimamisha juu yake mjusi wao wa kale, Mozilla. Walicheka sana. Haikupita miaka mingi Netscape ikawa historia. Angalau watu wa Microsoft walikuja na uchokozi wao mpaka mlangoni. Wakubwa wa leo wanamalizana kwa mikataba ya siri, na sisi tunausoma ugomvi miaka kadhaa baadaye katika nyaraka za mahakama.

Mahakamani marehemu alifika pia. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kuminya washindani, na hoja mojawapo ya utetezi ilikuwa tamu ajabu: kwamba kivinjari na Windows ni kitu kimoja, hakitenganishiki. Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni igawanywe vipande viwili. Juni 2001 mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo. Miezi miwili baadaye akazaliwa Explorer 6, mtoto wa ushindi.

Hapa ndipo sifa zake zinapofika kileleni. Explorer 6 alitoka Agosti 2001, na Explorer 7 akatoka Oktoba 2006. Miaka mitano! Adui amekwisha, soko limejaa, kuna haja gani ya kuhangaika? Leo programu kwenye simu yako zinaomba kusasishwa kila wiki, zinakula bando, na ukiamka asubuhi kitufe ulichokizoea kimehamishwa na kijana mmoja wa California aliyeona kinapendeza zaidi upande wa kushoto. Explorer 6 hakukufanyia hivyo. Vitufe vyake vilikaa palepale. Kasoro zake nazo zilikaa palepale, na watengeneza tovuti walizijua kwa majina: picha ya PNG inayopaswa kuwa na mandhari angavu inaonyesha kijivu, nafasi ya pembeni unayoipima mara moja yeye anaizidisha mara mbili. Tovuti ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya vivinjari vyote, kisha ikatengenezwa upya kwa ajili yake peke yake, na mteja akalipa mara mbili. Sijui ni akili bandia gani ya leo inayoweza kujivunia kwamba imeongeza ajira kiasi hicho.

Ajira nyingine aliwapa mafundi. Teknolojia yake ya ActiveX iliruhusu ukurasa wa mtandaoni kuingiza programu ndani ya kompyuta yako, na kwa kuwa wenye kompyuta wengi walikuwa wameshazoea kubofya "Ndiyo" ili yaishe, nyumba ikawa ya wazi kama ya msiba: anayekuja anaingia, hodi ni ya nini. Waliingia virusi, waliingia wauza kamari, yalijipanga mapau ya zana juu ya skrini hadi ukurasa wenyewe ukabaki na nafasi ya kuchungulia. Kwa fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hiyo ilikuwa riziki. Kompyuta inaletwa asubuhi ikiwa mahututi, inapigwa Windows upya, jioni inarudishwa, na mwezi unaofuata iko tena mezani.

Kuna waliompenda kwa sheria kabisa. Korea Kusini ilijitungia njia yake ya kusimba taarifa za benki mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaijenga juu ya ActiveX, na kwa miaka mingi raia wa nchi yenye intaneti ya kasi ya kutisha hakuweza kutuma fedha mtandaoni bila Explorer. Mambo yalifika Ikulu. Mwaka 2014 Rais Park Geun-hye alilalamika hadharani kwamba watazamaji wa Kichina wanaopenda tamthilia ya "My Love from the Star" wanataka kununua koti la mhusika wake mkuu na hawawezi, kwa sababu ya ActiveX na vyeti vyake. Nitajieni kivinjari kingine kilichowahi kumkosesha rais wa nchi biashara ya makoti.

Wabaya wake nao walimheshimu kwa namna yao. Machi 2010 kampuni moja ya usanifu wa tovuti huko Denver ilimfanyia Explorer 6 mazishi ya mzaha, jeneza na kila kitu, na Microsoft ikatuma maua. Alipozimwa rasmi 2022, mhandisi mmoja wa Korea alimchongea jiwe la kaburi lenye maandishi ya kumsifu kwamba alikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Watu walicheka, lakini ni kweli tupu. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004, mamilioni waliipakua kwa mkono wa Explorer, na aliwahudumia bila wivu. Jaribu leo kupakua Chrome kwa kutumia mrithi wake, Edge, uone bango linavyokubembeleza ubaki.

Sasa zawadi zake, ambazo warithi hawapendi zitajwe. Uwezo wa ukurasa kuchota taarifa mpya bila kujifungua upya ulianzia kwa watu wa Microsoft, ukaingia katika Explorer 5 mwaka 1999. Miaka michache baadaye Google ilijenga juu yake Gmail na ramani zake, dunia ikashangilia Google. Upimaji wa masanduku ya ukurasa, ambao Explorer wa zamani aliufanya kwa namna yake na kutukanwa kwa hilo, leo watengeneza tovuti wengi wanaurudisha wenyewe kwa mstari mmoja wa msimbo, kwa sababu njia yake ndiyo iliyokuwa na akili.

Nimesema nitamsifu mbele ya walio hai, basi nimlinganishe nao. Explorer hakukupeleleza, aliacha mlango wazi tu, wapelelezi wakajihudumia. Chrome, kwa upande wake, ni mali ya kampuni inayoishi kwa matangazo. Mwaka 2020 Google iliahidi kuondoa vidakuzi vya wafuatiliaji wa nje katika miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na mwaka 2024 ikaachana na mpango huo. Mwaka huohuo ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu walioamini kwamba dirisha la faragha ni la faragha. Zuio la matangazo ambalo watu wengi walilipenda, uBlock Origin, likafungiwa nje kwa jina la usalama. Na kivinjari chenyewe ni kizuri, chepesi kutumia, kinafungua kila kitu. Hapo ndipo ninapomkumbuka marehemu: ubaya wake uliuona kwa macho.

Apple ndio kabisa. Kwa miaka mingi iliamuru kila kivinjari cha iPhone kitumie injini yake, kwa hiyo uliyejipakulia Chrome au Firefox ukidhani umechagua, ulichagua nembo. Mwaka 2022 pekee Google iliilipa dola bilioni 20 ili iwe ndiyo injini ya kutafutia inayokuja na Safari. Marehemu alipendelewa kwa ubabe wa bure.

Waliomzika nao walikuwa na haraka. Ndani ya Edge kuna kitu kinachoitwa hali ya Internet Explorer, kwa ajili ya ofisi na viwanda ambavyo mifumo yao ya zamani inakataa katakata kufunguka kwa mwingine, na Microsoft imeahidi kukitunza angalau hadi 2029. Edge yenyewe tangu 2020 imejengwa juu ya Chromium, msimbo wa Google. Kwa hiyo marehemu anaishi kwa mrithi wake, ndani ya nyumba iliyojengwa na hasimu wake, na bado anakwenda kazini kila Jumatatu. Karani atakayeifungua hali hiyo kesho asubuhi, amsalimie.