Theluji Ikishuka New Orleans, Fanya Hivi

Kwanza, usibishane na redio. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, ofisi ya hali ya hewa ya Lake Charles, Louisiana, ilitoa tahadhari ya dhoruba kali ya theluji, tahadhari ambayo haikuwahi kuitoa tangu ianzishwe. Watu wa mwambao ule wanajua kukimbia kimbunga. Wana mbao za kuzibia madirisha na wanazijua barabara za kutorokea. Theluji ni habari nyingine. New Orleans iko nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta, sawa na Cairo. Siku ile uwanja wake wa ndege ulipata inchi 8, yaani sentimita 20. Rekodi ya awali ya uwanja huo ilikuwa inchi 2.7, ya tarehe 31 Desemba 1963.

Ili jambo hili litokee, baridi ya Aktiki lazima iteremke mpaka pwani na ikae, halafu unyevu wa Ghuba ya Meksiko upande juu yake kabla haijaondoka. Kwa kawaida vitu hivyo viwili hupishana: baridi ikifika, mawingu yameshapita. Vikikutana, una siku moja tu. Itumie vizuri.

Anza chini ya nyumba. Ndiyo, vaa nguo kuukuu, piga magoti, uingie. Nyumba nyingi za zamani za New Orleans zimeinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali ili mafuriko yapite na hewa izunguke. Ni akili nzuri sana kwa miezi kumi na moja na nusu ya mwaka. Tatizo ni kwamba mabomba ya maji yananing'inia humo chini, wazi kabisa, upepo unayapiga pande zote. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba halina pa kutanukia. Lifunge kwa taulo kuukuu, zungushia mkanda, halafu rudi ndani ufungue koki iliyo mbali zaidi na pale maji yanapoingilia. Fungua kidogo mno, maji yatoke kama uzi. Usiachie yamwagike ovyo. Januari 2018 jiji liliganda, mabomba yakapasuka, watu wengi wakaacha koki wazi, presha ya mfumo mzima ikashuka, na wakazi wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa. Uzi mmoja wa maji kwa kila nyumba unatosha.

Pili, mwangalie jirani mzee kabla hujaiangalia theluji yenyewe. Wenyeji wa huko hukumbushana mambo manne baridi ikija: watu, wanyama, mabomba na mimea. Watu ndio muhimu kuliko vyote. Bisha hodi, hakikisha ana chakula, dawa na blanketi, na uangalie kwa macho yako anaotea nini moto. Hapa sina utani hata kidogo. Februari 2021 Texas iliganda, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na baadaye serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Wengi waliuawa na baridi. Wengine waliuawa na kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, kwa sababu walitafuta joto kwa kuwasha gari gerejini au kuingiza mkaa ndani. Ndugu zetu Wakenya, Watanzania na Wakongo mnaoishi Houston, jimboni humo, mnalijua jiko la mkaa kuliko wengi. Libaki nje. Hata kama mlango umeachwa wazi, libaki nje.

Gari nalo liache lilipo. New Orleans imezungukwa na maji na barabara zake nyingi zimenyanyuliwa juu ya nguzo, na daraja huganda mapema kuliko barabara ya ardhini kwa kuwa upepo wa baridi unalipuliza juu na chini. Vipande virefu vya barabara kuu I-10 vilifungwa siku ile ya 2025. Ofisi yako itakusubiri.

Sasa toka nje ucheze, na ucheze kwa bidii. Huna glavu? Vaa soksi mikononi, jozi mbili, na nyingine kavu ziwe mfukoni, maana soksi iliyolowa ni mbaya kuliko mkono mtupu. Theluji ya pwani huwa na majimaji, kwa hiyo inashikana upesi. Chota iliyojaa viganja, ibane, izungushe, ibane tena mpaka uisikie ikikaza, ndipo uirushe. Lenga mgongo, usilenge uso.

Kuteleza kunahitaji mteremko, na New Orleans ni bapa. Karibu na Mto Mississippi, katika bustani ya wanyama ya Audubon, kuna kilima kilichojengwa miaka ya 1930 ili watoto wa jiji wapate kuona kilima kikoje. Zaidi ya hapo kuna matuta yanayozuia mto huo usiingie mitaani, nayo yanafaa sana. Mwaka 2025 watu waliyashuka wakiwa wamekalia maboksi yaliyokunjuliwa, maboya ya kuogelea na makapu ya plastiki ya nguo. Kila chombo kilifanya kazi. Ukiuliza kwangu, boksi pana ndilo bora: halivunjiki, na likilowa unatafuta jingine.

Wa kaskazini watacheka kwamba jiji zima limesimama kwa inchi 8. Waache. Jiji haliwezi kununua na kutunza magari ya kukwangua theluji kwa siku moja katika miongo, na fedha hizo zina kazi kwenye pampu za mafuriko. Isitoshe, wiki tatu tu kabla ya theluji ile, asubuhi ya mwaka mpya, mtu aliendesha gari kwa makusudi katikati ya umati kwenye mtaa wa Bourbon na watu 14 wakauawa. Mtaa huohuo ukajaa watu wakirushiana theluji na kucheka. Jiji lililokuwa matangani lilipewa siku ya kupumua, nalo likaipokea kwa mikono miwili. Lilifanya sawasawa.

Kwa hiyo usimwambie mtoto asubiri theluji itulie, au amalize kwanza kazi za nyumbani. Mtoto aliyekuwa na miaka saba theluji ya 1963 iliposhuka alikuwa na miaka 68 siku ile ya 2025. Shule zimefungwa. Mvishe soksi mikononi, mtoe nje sasa hivi.